Kioo Kilichovaa Sketi

Njia ya haraka ya kugombana na Msimamizi ilikuwa kupita mlango mkubwa kwa miguu. Angeweza kuwa amesinzia kibarazani, kofia imemfunika macho, mdomo wazi, nzi wanafanya kikao juu ya pua yake. Unyayo wako ukigusa tu kizingiti, sauti ilitoka chini ya kofia.

"Zunguka."

Basi. Hakuna tafadhali, hakuna kwa sababu. Unazunguka jengo zima, unaingilia mlango mdogo wa mtaa wa pili, unatokea ndani hatua tatu kutoka pale ulipokatazwa, umechelewa na umenuna. Mlango mkubwa ulikuwa wa vitu vyenye magurudumu. Toroli, ndiyo. Baiskeli, ndiyo. Binadamu, hapana. Nilimwona kwa macho yangu akimzungusha bwana mmoja wa suti, mwenye dereva na mafaili. Yule bwana akauliza, "Wewe unajua mimi ni nani?" Msimamizi akainua kofia, akamkagua kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Naona miguu," akasema. "Zunguka."

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilidhani nimempatia dawa. Niliokota tairi kuukuu la pikipiki, nikaja nalo nikilisukuma kwa kijiti, nimevaa sare, uso wa kikazi, moja kwa moja mlango mkubwa. Wapangaji wote walitoka kutazama. Msimamizi alisimama. Alilitazama tairi. Alinitazama mimi. Akarudi kwenye tairi, kama anayesoma barua. Kisha akasogea pembeni, akafungua na ubavu wa pili wa mlango, akasimama wima.

"Pita."

Mchezo wangu ukafia pale pale. Utamfanya nini mtu ambaye ukimchezea kwa sheria yake mwenyewe, anakupigia saluti? Saluti ile ile alimpigia mteja mmoja wa mama yangu, anayetembelea kiti cha magurudumu, dada ambaye kila mahali mjini huambiwa asubiri, tutafute watu wa kukunyanyua. Kwetu alikuwa yeye peke yake asiyezunguka. Nilimsikia akimwambia mama, "Hapa ndipo ninapopita kama rais." Msimamizi alijifanya hajasikia, lakini alifuta kizingiti kwa mkono wa shati.

Tangu siku ya tairi aliniita Redio, kwa kuwa, alisema, nalia hata chumba kikiwa hakina mtu.

Jengo lenyewe mji mzima unaliita Shorumu. Mwambie bodaboda, "Nipeleke Shorumu," hatakuuliza swali. Atakushusha kwenye kona ile, si mbali na stesheni ya reli, mbele ya jengo ambalo halijauza gari tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Ukumbi uliokuwa wa magari umegawanywa kwa mbao. Mama yangu, fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha pili. Chumba cha kwanza, chenye mwanga mzuri, ni cha Kaka wa Simu, anayetengeneza simu na kuharibu mapenzi ya watu, maana husoma meseji zote. Wengine ni wauza madaftari, ndoo na mitumba. Mimi nimekulia chini ya meza ya mama, kwenye vitambaa vya bluu, na nikitoka shule bado naishia hapo.

Wanaojua mambo ya majengo wakifika husimama upande wa pili wa barabara, wanainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza. Ukuta wa mbele umepanda juu kuliko bati, ili uone jengo kubwa hata kama nyuma yake ni banda. Dari la zege limechomoza juu ya kibaraza bila nguzo hata moja, yaani limening'inia tu, kama ulimi wa mbwa saa saba mchana. Kona haikukatwa, imepindwa, ukuta unageuka taratibu kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili. Na vioo ni vitatu, kila kimoja kikubwa kuliko sebule yetu. Cha kulia na cha kushoto vimenyooka. Cha kona kilipindwa pamoja na ukuta. Kioo kizima, kipande kimoja, kimejikunja kama karatasi mkononi mwa mtu.

Kioo hicho ndicho kilichokuwa maisha ya Msimamizi. Sisemi kwa utani, ingawa mengine yote nayasema kwa utani.

Mwenye jengo, mjukuu wa aliyelijenga, anaishi Dar na alikuwa akija mara moja kwa mwaka. Miaka kadhaa iliyopita alikuja na michoro ya kubadilisha mbele yote: kuta mpya, mageti ya chuma yale ya kuvuta juu, kila mpangaji na geti lake. Alimkuta Msimamizi juu ya ngazi, anafuta. Sijui waliongea nini huko juu na huko chini, ila sote tulisikia mwisho wake.

"Mzee, tufanye hivi. Hicho cha kona hakuna fundi hapa nchini atakayekipinda tena. Kikiwa kizima, mbele sigusi, na wewe unabaki nacho. Siku kikivunjika, naweka mageti yangu, na wewe unakwenda kupumzika."

"Hakitavunjika," alisema Msimamizi, na hakushuka hata kwenye ngazi.

Tangu hapo, mpira ukidunda mtaa wa pili, yeye alikuwa ameshasimama.

Sitaanza na alizaliwa wapi na nani alimzaa nani. Nilishawahi kumuuliza. "Nilikuta dunia ipo," alijibu. Nilichojua ni kwamba kwao ni Kibakwe, milimani kule, kwamba alipanga chumba Chang'ombe, na kwamba alianza kazi pale Shorumu enzi za magari, kwa kuyaosha.

Alifuta vioo mara tatu kwa siku. Dodoma upepo wa Julai ukianza, vumbi halingoji ugeuke, linakaa mgongoni kwako hapo hapo unapofuta. Kwanza kitambaa chenye maji, halafu gazeti kavu. Si gazeti lolote. Alikuwa na nadharia. Kurasa za michezo, alisema, zina wino mwingi kwa sababu ya mashabiki. Kurasa za hotuba zinang'arisha vizuri, hazina mafuta. Na kabla hajakunja gazeti, alichana kwanza matangazo ya vifo, akayaweka mfukoni mwa shati.

"Mzee, hao unawapeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Wamekufa juzi tu, Redio. Niwatumie kufutia vumbi la barabarani?"



Sakafu yetu ni ya terazo, ile ya vijiwe vidogo vidogo vilivyosuguliwa mpaka vikawa kama nyama ya soseji, na imelala, yaani inateremka kidogo. Huioni kwa macho, lakini bobini ikimponyoka mama haikai. Inapita chini ya pazia la Kaka wa Simu, inaambaa na ukuta wa muuza ndoo, inakwenda kusimama kwenye kizingiti cha mlango mkubwa. Kila kitu kinachoanguka Shorumu kinaishia hapo: vifungo, skrubu za simu, mara moja jino la bandia ambalo hakuna aliyejitokeza kulidai. Msimamizi aliviokota jioni na kuvitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na asubuhi alipita na kopo chumba kwa chumba, kama mzee wa kanisa na sadaka, ila yeye alikuwa anagawa.

Wapangaji waliamini fundi wa zamani alikosea kipimo. Nilimpelekea Msimamizi hoja hiyo. Nilimpelekea na nyingine. Kwa nini kule nyuma kuna kulabu ya chuma kwenye boriti, nene kama mkono wangu? Kwa nini kioo cha kushoto kina ubao mwembamba uliosimama katikati, juu mpaka chini, wakati cha kulia hakina? Na kwa nini, jamani, kwa nini, mtu anayefuta kioo mara tatu kwa siku anakipaka chokaa upande wa chini? Maana vioo vyote vitatu, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu, vilikuwa na mkanda wa chokaa nyeupe, mzito, wenye alama za brashi, anaurudia kila mwaka kabla ya mvua. Juu kioo kinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Chini, ukuta wa choo. Mimi ndiye niliyeupa jina. Nilisema kioo kimevaa sketi, na jina likashika mpaka kwa wateja.

Kwa maswali yote alikuwa na jibu moja.

"Acha kama ulivyokuta."

Ukimkamata vizuri, na chai ya mama iko mkononi mwake, ndipo alitoa kidogo. Kwamba magari yalifika kwa treni, juu ya behewa lisilo na kuta, yakashushwa stesheni kwa mbao. Kwamba hayakuendeshwa kuja Shorumu, yalisukumwa na watu, taratibu, njia nzima, kama bibi harusi anayepelekwa asikotaka kufika haraka. Kwamba ndani ya ukumbi hakuna injini iliyowahi kuwashwa, kwa hofu ya moto. Gari likipata mnunuzi, watu wawili waliligusa tu kwa nyuma, nalo likateremka lenyewe mpaka mlango mkubwa, likawashwa nje.

"Kumbe sakafu ililazwa makusudi!" niliruka.

Akashtuka kama mtu aliyeibiwa. Alimaliza chai, akarudisha kikombe, na wiki nzima hakusema kitu kingine. Ndivyo alivyokuwa. Sababu za jengo lile alizikusanya kama vile vifungo, ila zenyewe hakupita asubuhi kuzigawa.

Alikuwa na vituko vyake vya kujipinga. Mtu huyu, aliyelinda hekalu la magari umri wake wote, magari yalimtapisha. Harufu tu ya petroli ilimbadilisha rangi. Alikuja kazini kwa miguu kutoka Chang'ombe na kurudi kwa miguu, na safari ya basi kwenda Kibakwe aliifanya akiwa na limau kwenye tundu la pua, si utani, limekatwa nusu. Alichukia kelele, lakini mbayuwayu waliojenga juu ya kibaraza, wanaopiga kelele kuliko kwaya ya vijana, aliwawekea ubao chini ya kiota ili wasichafue watu. Na alichukia mizaha. Kila nilipocheka karibu na vioo vile alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Siyo hasira. Ilikuwa kama mtu anayemwona ndugu yake kwenye umati na hataki kuitwa.

Mwaka huu, dada yake alifariki. Msimamizi alikuja kuaga, limau liko tayari mkononi, akazungukia vioo vyake kimoja kimoja. Nilimpa pole.

"Ahsante. Redio."

"Naam, Mzee."

"Acha kama ulivyokuta."

Nikasema sawa. Nakumbuka nilisema sawa.

Siku ya tatu Kaka wa Simu akapata ujumbe kwamba mwenye jengo anakuja wiki inayofuata, na anakuja na mhandisi. Wapangaji wakaingiwa na baridi. Mageti yale yakiwekwa, kila mtu alijua, vyumba vitavunjwa kwanza, na nani atarudishwa hakuna ajuaye. Mama alisema tupige deki. Muuza ndoo akasema tupake rangi mlango. Ndipo mimi, mdomo wangu huu, nikasema:

"Tumvue kioo ile sketi."

Walicheka, halafu wakaacha kucheka, maana lilikuwa wazo. Ile chokaa kweli ilitia aibu. Mgeni angedhani tunaficha nyufa. Mama alisita. "Mzee hakusema tuguse," alisema.

"Mama, Mzee mwenyewe anapenda usafi kuliko daktari. Atarudi akute zawadi."

Tulifanya kazi Ijumaa, baada ya shule mpaka jioni. Maji ya sabuni, nyembe, kurasa za hotuba kama alivyotufundisha. Chokaa ya miaka na miaka ilitoka magamba magamba, kama ngozi ya mgonjwa aliyepona. Na tulipomaliza, jua likiwa upande wa pili, niseme kweli: ilikuwa nzuri. Kioo cha kona kilishuka kutoka darini mpaka sakafuni bila doa, na barabara nzima ikapinda ndani yake, bodaboda, muuza karanga, mawingu. Kwa mara ya kwanza niliona viatu vyangu. Mama aliweka mkono kiunoni akasema, "Kumbe tulikuwa na kitu."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada wa mifugo Msalato.

Alikuja mzee mmoja, mjomba wa mtu, shuka begani, anatoka mnadani na beberu. Nimesema beberu, lakini fikiria ndama mwenye ndevu. Pembe zimekwenda nyuma kama usukani wa baiskeli. Anapelekwa kwenye mahari, upande wa pili wa mji, na mjomba alitaka kwanza vocha awapigie wenyeji wamwelekeze njia. Nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Akafurahi, akaitika, akanipa kamba.

"Mjukuu, nishikie huyu bwana harusi dakika moja."

Akazunguka kwenda mlango mdogo. Alikuwa hana magurudumu, na hata Msimamizi asipokuwepo, watu walizunguka.

Beberu alisimama pale barabarani, hatua kumi kutoka kibarazani, anatafuna hewa. Hakuwa na habari na kioo. Angesimama hapo mpaka mjomba arudi. Lakini mimi nilikuwa na simu mkono mmoja na kamba mkono mwingine, na nikaona kichwani mwangu video: beberu wa mahari anajitazama kwenye kioo kabla ya kwenda ukweni. Nikamvuta. Alipanda kibaraza kwato zikilia kok, kok. "Jiangalie, shemeji," nikamwambia. "Ndevu zimekaa vizuri?"

Alijiangalia. Aliinua kichwa, na yule wa kwenye kioo akainua kichwa. Alikoroma, yule akakoroma. Kioo kile kimepinda, kwa hiyo yule wa ndani alikuwa mnene kuliko yeye. Nilikuwa nacheka. Sauti yangu ilikuwemo kwenye video, nacheka. Beberu alirudi nyuma hatua mbili, nikadhani ameogopa, kamba ikalegea. Kisha akasimama kwa miguu ya nyuma.

Sauti ya kioo kuvunjika sijui niieleze vipi. Haikuwa mlipuko. Ilikuwa kama pumzi, halafu ikawa kama magunia ya mahindi yanamwagwa, na ikaendelea, ikaendelea, kwa sababu kilikuwa kioo kikubwa na kilikuwa na mengi ya kuanguka.

Beberu hakupata hata mkwaruzo. Alisimama ndani ya duka la Kaka wa Simu, katikati ya makava ya simu, anamtafuta mwenzake.

Watu wote walisema beberu. Beberu wa mjomba, mnyama ameona kivuli chake, hakuna wa kulaumiwa. Mjomba alilia, mtu mzima, mpaka mama akampa maji. Mimi nilisema, "Alinishinda nguvu." Hilo lilikuwa kweli kwa nusu, na ile nusu nyingine niliifuta kwenye simu nikiwa chooni.

Msimamizi alirudi Jumatatu. Tulimwona anakuja kwa mbali, na ninajua aliona kabla hajafika, kwa sababu kutoka kwenye kona ya stesheni tayari unaona kama kitu hakimeremeti. Hakuongeza mwendo. Alisimama mbele ya lile tundu tulilokuwa tumeliziba na maturubai. Akatazama vioo viwili vilivyobaki, jinsi vilivyosuguliwa mpaka chini. Akatutazama sisi, na nyembe zetu zilizobaki kibarazani, na sura zetu.

"Beberu mzima?" aliuliza; kumbe habari ilishamfikia njiani.

"Mzima, Mzee," mama alijibu.

"Haya." Akachukua ufagio.

Hakuuliza nani alitoa chokaa. Mama alianza kusema, naye akainua kiganja. Mwenye jengo alikuja na mhandisi siku aliyosema, na alikuwa mpole kweli, alimshika Msimamizi mkono kwa mikono miwili, akamshukuru mbele yetu wote, na akatimiza neno lake. Kona ikajengwa tofali. Ikawekwa geti la chuma la kuvuta juu, la kijani. Mageti mengine, alisema, yatafuata pole pole, vyumba vikipangwa upya. Vioo vya pembeni vibaki kwa sasa. Msimamizi alikabidhi funguo, akauliza kama anaweza kuchukua vipande, wakamwambia achukue, takataka hizo, na akaondoka na toroli kupitia mlango mkubwa. Hakuna aliyempigia saluti. Natamani ningempigia mimi. Nilikuwa chini ya meza ya mama, kidato cha tatu mzima, natafuta bobini ambayo haikuanguka.

Miezi ikapita. Bila yeye, vitu vilirundikana kwenye kizingiti na watu wakaanza kuvikanyaga. Nikaanza kuviokota mimi, kwenye lile kopo lake la maziwa. Lilipojaa, nikapata kisingizio.

Chang'ombe nilimpata kwa kuuliza "mzee anayefuta dirisha." Watoto wawili walinyoosha kidole kwa pamoja. Chumba chake kiko mwisho wa kichochoro kinachopitisha mbuzi wa jirani asubuhi na jioni, na dirisha lake nililijua kabla sijamwona mwenyewe. Alikuwa amekata kipande kimoja cha kile kioo cha kona, kikubwa kuliko mlango wa kabati, akatengeneza fremu ya mbao iliyopinda ili kikae. Kilichomoza ukutani kama tumbo. Kichochoro kizima kilikuwa ndani yake. Na upande wa chini, palipo karibu na ardhi, kilikuwa kimepakwa chokaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Redio. Umepoteza sauti?"

Nilimpa kopo. Alilitikisa, akasikiliza, akaliweka chini. Nilikuwa nimepanga niongee kwanza habari za mama, halafu mitihani, halafu niende taratibu. Badala yake nikaongea yote kama ndoo iliyopinduka.

"Beberu hakujileta. Alikuwa barabarani, Mzee. Mimi ndiye niliyemvuta mpaka kibarazani. Nilitaka ajione. Na chokaa pia ni mimi niliyesema itolewe. Kila kitu ni mimi."

 Mbuzi mmoja wa jirani alipita, akatazama dirisha, akaona chokaa, akaendelea na maisha yake.

"Beberu hajitoi barabarani kufuata kioo," alisema mwishowe. "Najua. Nilijua siku ile niliporudi. Nilikuwa nangoja tu mwenyewe uje."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulitaka nini, ulipomvuta?"

Ningeweza kusema nilipitiwa. "Nilitaka kuona atafanya nini."

Akacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtoto mtundu, kile kabisa ninachofukuziwa darasani.

"Kioo cha kushoto kina ubao katikati," akasema. "Hujawahi kuniuliza kwa nini."

"Mzee! Nimekuuliza mara mia!"

"Nikakujibu nini?"

"Acha kama ulivyokuta."

"Ehee." Alifuta uso kwa kiganja. "Enzi hizo ng'ombe wa mnada walipitishwa pale pale mbele. Nilikuwa kijana, naosha vioo. Dume moja jekundu lilisimama likatazama kwangu. Nikalipigia mluzi. Nikalionyesha kitambaa. Nilitaka kuona litafanya nini. Liliingia nusu. Pembe moja. Kioo kikapasuka katikati, wima, kama kilichopimwa. Mchungaji wa ng'ombe ndiye aliyepigwa. Mimi nilisema lilijileta. Fundi akaweka ubao kushika ufa, na usiku ule ule nikaomba chokaa. Nikapaka usawa wa pembe. Bosi akanisifu kwa akili."

"Na hukuwahi kumwambia mtu?"

"Ningewaambia ya chokaa, wangeniuliza ya ubao."

Nilikaa kwenye ngazi yake. Nilifikiria wapangaji wote wale, na nyembe zetu, na jinsi neno moja lingetosha. Yeye naye nadhani alifikiria hilo hilo, kwa sababu alisema, bila kunitazama, "Ungejua, ungekiacha."

"Ningekiacha, Mzee."

"Basi tulikivunja wawili."

Akaingia ndani, akatoka na ndoo ndogo ya chokaa, imekorogwa tayari, na brashi iliyoliwa nusu. Kama vile ilikuwa inanisubiri mlangoni. "Viwili bado vipo kule," akasema. "Jumamosi mnada upo."

Nilirudi kwa miguu, ndoo inanichubua goti. Nilianza na cha kushoto, chenye ubao. Sikuwa na kipimo, kwa hiyo nilikumbuka dume nisilowahi kuliona nikapaka mpaka pale ambapo pembe zake zingefika. Mkono wangu hauna ustadi, ilikuwa sketi mbaya kuliko ile ya kwanza. Kaka wa Simu alitoka, simu ya mtu mkononi, akasimama nyuma yangu.

"We Redio! Si tulisugua sisi wenyewe hiyo? Unapaka ya nini tena?"

Jibu lilinijia lenyewe mdomoni, lile la maneno matatu, zito na zuri, jibu linalofunga mlango ukabaki na heshima zako ndani. Nililionja. Kisha nikaweka brashi chini, nikamwambia akae, na nikamsimulia, kuanzia pale kwenye kamba.